Mama Si Mbuzi wa Kupakwa Rangi

Wasee, hii posti ni ndefu. Nimejaribu kuifanya klipu ya dakika moja mara tatu nikashindwa, kwa sababu swali lenyewe haliingii kwenye dakika moja. Tafuta kivuli, keti.

Swali si langu. Ni la shangazi yangu wa Kakuma. Mwezi wa kumi mwaka 2024 nilitoka Lodwar kwenda kumsalimia, kilomita karibu 120 ambazo siku hizi ni lami, na nikakuta wachanjaji wa polio wanapita nyumba kwa nyumba. Wawili wakafika kwake. Mmoja ana kisanduku cha barafu begani, mwingine daftari, kalamu ya wino na kipande cha chaki. Shangazi ameketi nje, mjukuu wake wa miaka miwili amelala mapajani. Akawaambia:

"Huyu alipewa matone siku aliyozaliwa. Akapewa wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne. Hiyo ya kumi na nne akadungwa na sindano pia. Leo mmerudi na matone. Kwani yale ya kwanza yalikuwa maji?"

Mwenye daftari akajibu, "Mama, chanjo ni salama na ni ya bure."

"Sijauliza bei."

Wakacheka, mtoto akaamshwa, mdomo ukafunguliwa, matone mawili, kidole kidogo kikapakwa wino, mlango ukaandikwa chaki, wakaondoka. Shangazi akakitazama kile kidole muda mrefu. Akasema mbuzi wake pia wakidungwa hupakwa rangi, ndio mtu wa mifugo ajue ameshapita hapo.

Sina ugomvi na wale wachanjaji. Walikuwa wanatembea juani tangu asubuhi, na karatasi waliyopewa ya kuongelesha wazazi haikuwa na jibu la swali lile. Ugomvi wangu ni na walioandika karatasi. Mnamchukulia mama wa Turkana kama mtu ambaye ubongo wake unaishia kwenye "salama" na "bure". Halafu akikataa mnaandika kwenye ripoti kwamba jamii ina "imani potofu". Imani gani? Mama ameuliza swali la sayansi, tena swali zuri kuliko mengi niliyosikia darasani, na amejibiwa na tangazo.

Na mjue nani anakula kwenye hilo pengo. Kuna jamaa mmoja huku mtandaoni, sitamtaja, wafuasi wake ni wengi kuniliko. Kampeni ikitangazwa tu anapanda na video: ati chanjo ikirudiwa rudiwa ujue ina kazi nyingine, ati wanataka tusizae. Hana ushahidi hata wa ukubwa wa punje ya mtama, lakini ana kitu ambacho wale wa daftari hawana. Anajibu swali. Jibu la uongo linashinda kimya kila siku, wasee, hata kama kimya hicho kina digrii tatu.

Basi nimekaa chini nikasoma. Jibu liko, na si siri.

Shuleni tulifundishwa kwamba kinga ni kitu cha damu. Chanjo inaingia, damu inatengeneza kingamwili, ugonjwa ukija unapigwa. Si uongo, ila ni nusu. Mwaka 2006 watafiti wa Boston walikadiria seli T, hizo seli nyeupe zinazokumbuka magonjwa, kwenye ngozi ya mtu mzima. Wakapata karibu bilioni 20, karibu mara mbili ya zile zilizo kwenye damu yote. Kwenye ngozi tu! Sijataja mapafu, sijataja utumbo. Yaani jeshi kubwa halipo barabarani, limekaa vijijini.

Halafu mwaka 2009 kikundi cha Melbourne kule Australia, Thomas Gebhardt na wenzake, wakaambukiza panya virusi vya herpes kwenye ngozi. Ugonjwa ukaisha. Seli za kumbukumbu zikabaki palepale virusi vilipopita, hazikurudi kuzunguka na damu. Virusi vilipoletwa tena sehemu ile ile, vilipata wenyeji wanaowangoja.

Hebu ona zinavyohamia, maana hii sehemu ndiyo ilinifanya niache chai ipoe. Seli T inayozunguka ina kama pua, inanusa kemikali fulani ya mafuta iliyojaa damuni na kwenye limfu. Ikiinusa, inajua njia ya kurudi barabarani. Sasa ikiingia kwenye nyama ya mwili palipokuwa na vita, inaota protini inayoitwa CD69, na hiyo protini inaiziba ile pua. Wito wa kurudi haisikii tena. Kisha kuta za pale mahali zinatoa ishara yake, TGF-beta, na seli inaota kitu kingine, CD103, kama mkono wa kushikilia seli za ukuta wenyewe. Imeshahamia. Inaweza kukaa hapo miezi, na nyingine miaka.

Sisi hatuhitaji maabara kuelewa hii. Polisi wako mjini, wana Land Cruiser, wana redio. Wezi wa mifugo wakivamia kraal huko mbali, polisi watakuja kweli, lakini watafika vumbi limetulia na mbuzi wameshavuka mlima. NPR ni kijana wa hapo hapo. Analala na mifugo, anajua kisima, anajua njia ambayo wezi walipitia mwaka juzi. Bunduki yake ni kuukuu, lakini yuko. Kingamwili ya damuni ni polisi wa mjini. Seli iliyohamia kwenye nyama ni NPR.

Sasa twende kwa polio. Kirusi cha polio hakiingii kwa damu. Kinaingia kwa mdomo, kinazaana kwenye koo na utumbo, kinatoka na choo, kinaingia kwenye maji ama mkono wa mtoto mwingine. Kwa watoto wengi kinaishia hapo, mama hata hajui. Kwa wachache, chini ya mmoja katika kila mia, kinavuka kuingia kwenye mishipa ya fahamu na mguu unalala. Mjomba wangu mmoja ni hao wachache. Mguu wake wa kushoto ni mwembamba kama fimbo, na amechunga mbuzi maisha yake yote akiwa nyuma ya kundi.

Sindano ya paja inatengeneza kingamwili damuni. Kirusi kikitaka kuvuka kwenda kwenye mishipa ya fahamu kinakutana na polisi, mguu unapona. Hiyo ni kazi kubwa, msiidharau. Lakini utumboni sindano peke yake inaweka walinzi wachache sana. Mtoto aliyedungwa tu anaweza kubeba kirusi, asiugue, na bado akakitoa chooni kikamfikia mtoto wa jirani ambaye hakuchanjwa. Matone yanapita njia ile ile ya kirusi. Yanaushtua utumbo wenyewe, na utumbo unaweka seli zake zinazotema kingamwili ya IgA kwenye ute, mlangoni kabisa.

Mnataka mfano? Israel iliacha matone mwaka 2005, ikabaki na sindano tu, na karibu watoto wote wanadungwa. Mwaka 2013 wakakuta kirusi cha polio kwenye maji taka ya Rahat, mji wa Wabedui, watu ambao babu zao walikuwa wafugaji wa ngamia na mbuzi kama wetu. Hakuna mtoto hata mmoja aliyepooza. Sindano ilifanya kazi yake. Lakini kirusi kilikuwa kinatembea kimya kutoka tumbo hadi tumbo, na serikali ikalazimika kurudisha matone. Nchi tajiri, hospitali za kutosha, na bado ilibidi wampe mtoto matone. Hivyo shangazi, hawakukurudia kwa sababu wewe ni maskini wa Kakuma.

Na kwa nini kupewa vyote viwili? Kwa sababu mtoto aliyetangulia kupata matone, akidungwa baadaye, utumbo wake unaamka upya. Utafiti wa India uliotoka mwaka 2014 ulionyesha hivyo: sindano juu ya matone ilipunguza kirusi kwenye choo cha watoto kuliko dozi nyingine ya matone. NPR wameshakaa kijijini, sindano inawapelekea risasi.

Sasa nafika mahali ambapo wenye karatasi hawataki nifike. Ile polio iliyotangazwa Kakuma mwaka 2024 haikuwa ile ya zamani ya porini. Ilitoka kwenye chanjo.

Usikimbie na hiyo sentensi, malizia kwanza. Matone ya zamani yana kirusi hai kilichodhoofishwa. Mahali watoto wengi wamechanjwa, kinapita siku chache na kufa. Mahali wengi hawajachanjwa, kinazunguka kutoka mtoto hadi mtoto, mwaka unaisha, kinabadilika, nguvu zinarudi. Mwezi wa nne mwaka 2016 dunia nzima iliondoa aina ya pili kwenye matone, kwa sababu aina ya pili ya porini ilikuwa imeshaisha na iliyobaki ilikuwa hiyo ya chanjo inayoleta shida. Wazo lilikuwa zuri. Lakini masalia ya aina ya pili hayakuisha yote, na watoto waliozaliwa baada ya hapo walikua na aina ya pili kwenye sindano tu. Damuni wana kumbukumbu. Utumboni hawana. Milango wazi nchi nzima, na sisi tuko kwenye barabara ya kwenda Nadapal, watu na mifugo wanavuka mpaka kila siku, na kambi iliyoanzishwa mwaka 1992 inapokea watu kutoka nchi kadhaa. Turkana tulishawahi kupata polio ya porini iliyovuka kutoka Sudan Kusini mwaka 2009. Kirusi kinaijua njia.

Ndiyo maana matone ya Oktoba 2024 hayakuwa yale ya wiki ya sita. Yalikuwa ya aina ya pili, mapya, kirusi chake kimeshonwa upya ili kisirudishe nguvu kirahisi. Kirahisi, nimesema. Si kwamba haiwezekani kabisa: mwaka 2023 Burundi na Kongo zilipata visa vichache vilivyotokana na hayo matone mapya yenyewe. Ni nadra kuliko yale ya zamani, kwa mbali sana.

Niambieni, hiyo imekuwa ngumu kusema? Nimeisema kwa aya mbili. Shangazi angeelewa. Huyu ni mwanamke anayejua ngamia gani hawezi kupewa dawa gani na kwa nini. Mnamficha kwamba ugonjwa ulitoka kwenye chanjo kwa kuogopa atakataa, halafu anakuja kuusikia kwa yule jamaa wa video, umekatwa kichwa na miguu, na sasa ninyi ndio waongo. Msimlaumu akifunga mlango.

Jibu la "kwani yale ya kwanza yalikuwa maji" basi ni hili. Hayakuwa maji. Yalikuwa ya aina ya kwanza na ya tatu. Haya ni ya pili. Na hata dozi ya aina ile ile hurudiwa, kwa sababu matone yanategemea utumbo uliopokea. Kaskazini mwa India, kwenye msongamano na kuhara kusikoisha, dozi moja ilishika kwa watoto wachache mno, na kuna watoto walipewa zaidi ya mara kumi. India ilipata mgonjwa wake wa mwisho wa polio ya porini mwezi wa kwanza mwaka 2011. Walifika, ila walirudia mpaka wakachoka.

Kwa nini tumbo moja lishike chanjo na lingine liiachilie? Sababu ni nyingi: kuhara, minyoo, virusi vingine vinavyogombania nafasi. Lakini kuna moja ambayo nataka wale wa ofisi za Lodwar na Nairobi waisome mara mbili.

Seli ya kinga haizaliwi ikijua njia ya utumbo. Lazima ipewe anwani. Kwenye tezi zilizo karibu na utumbo kuna seli zinazochukua vitamini A ya chakula, zinaigeuza kuwa asidi ya retinoiki, na hiyo ndiyo inaandika anwani ya utumbo juu ya seli T. Hii ilionyeshwa mwaka 2004 na Makoto Iwata wa Japani na wenzake. Panya walionyimwa vitamini A walikuwa na seli T chache sana utumboni. Miaka miwili baadaye kikundi kingine kikaonyesha hivyo hivyo kwa seli zinazotengeneza IgA. Ni panya, najua, na mtoto si panya. Wanaompa mtoto vitamini A pamoja na chanjo hawajapata matokeo yanayofanana kila mahali. Lakini njia yenyewe inajulikana, miaka zaidi ya ishirini sasa.

Vitamini A inatoka wapi kwetu? Maziwa, ini, mboga za majani, embe likifika. Ukame ukikaza, maziwa ndiyo yanatangulia kukatika. Kisha mafuta ya kupikia, ambayo Kenya huwekwa vitamini A kwa sheria, kama una pesa ya mafuta. Upimaji wa lishe Turkana umevuka mara nyingi asilimia 15 ya watoto waliokonda, na hiyo 15 ndiyo WHO huiita dharura. Kuna vidonge pia, bluu kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11, nyekundu kwa mkubwa mpaka miaka mitano, kila baada ya miezi sita. Wiki za Malezi Bora ni mwezi wa tano na wa kumi na moja. Kampeni yetu ya matone ikaja mwezi wa kumi. Kisanduku kilichokuja kwa shangazi kilikuwa na matone tu. Watu wawili wametembea mpaka mlangoni, mtoto ameshafunguliwa mdomo, na kidonge cha kumwandikia seli anwani kinangoja mwezi mwingine, kwenye kituo kilicho mbali.

Halafu mwaka 2025 fedha za wafadhili zikakatwa na mgao wa chakula kambini ukashuka chini ya theluthi ya kiwango cha kawaida. Watu wakaandamana. Kuna wenyeji waliosema mtandaoni, "hiyo ni shida ya wakimbizi". Wewe uliyesema hivyo huijui Kakuma. Shangazi yangu si mkimbizi, lakini kuni zake anauza kambini, na mara nyingi analipwa unga na mafuta. Mgao ukipungua upande ule wa lagga ya Tarach, sufuria inapungua upande huu. Na kirusi hakiulizi nani ana kadi na nani ana kitambulisho.

Kwa hiyo mtu akiniambia kampeni ilifika asilimia fulani ya watoto, mimi namuuliza: ilifika mdomoni ama ilifika utumboni? Wino uko kwenye kidole. Seli inatakiwa iwe imeshikilia ukuta wa utumbo, na ili ishike inataka ule unga, yale mafuta, yale maziwa, choo, na maji safi. Mnahesabu vidole kwa sababu vidole ni rahisi kuhesabu.

Ninachotaka si kikubwa. Kampeni ijayo, kwenye kisanduku kuwe na vidonge vya bluu na vyekundu. Kwenye ile karatasi kuandikwe kwa Kiturkana na Kiswahili matone haya ni ya aina gani, yanatofautiana vipi na ya wiki ya sita, na ugonjwa huu ulitoka wapi. Mchanjaji apewe dakika tano kwa kila mlango badala ya moja, hata kama milango itapungua kwa siku. Na wanaokata mgao wa chakula wakae meza moja na wanaonunua chanjo, maana kwa sasa mmoja anajenga na mwingine anabomoa.

Mzazi, wewe usingoje hayo yatimie. Wakija, mpe mtoto matone. Nimesoma yote niliyoandika hapa na wangu ningempa bila kufikiria mara mbili. Ila uliza swali lako, na usikubali kujibiwa bei.

Jana nilimpigia shangazi nikamweleza yote haya kwa Kiturkana, NPR na polisi na ukuta wa utumbo. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akasema amenielewa, hao walinzi wamekaa mlangoni kwa mtoto, ni sawa. Akauliza, "Na wanakula nini?"

Nimeliandika hilo swali kama alivyolisema. Alhamisi kuna baraza la chifu, na watu wa afya wameahidi kuja. Nitakuwa mstari wa mbele. Kama uko karibu na Kakuma, njoo, na umlete mama yako.